Tulifumba Macho, Pete Ikaondoka

Jumamosi, tarehe 8 Agosti. Asubuhi ilianza na manyunyu yasiyojua yanataka nini, yanalowesha bega moja na kuliacha jingine. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba Mungu vitu viwili: pete nzuri na ulimi mfupi.

Pete alinionyesha. Ulimi, wasomaji wangu, mtauona wenyewe.

Kwa ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimpita, au lilifungiwa sabuni kabla hajalisoma, mimi ni fundi bomba. Ni mtu mzima mwenye mvi ndevuni, ninayesoma kidato cha pili jioni pamoja na watu wanaonizidi akili na ninaowazidi miaka. Dawati langu nalishiriki na Dobi. Hilo si jina lake, ni kazi yake: anafua mashuka ya hospitali. Mikono yake inanukia sabuni, na majibu yake hayana povu hata kidogo.

Niliwaacha pale umeme ulipokatika katikati ya somo la uraia, nikamwambia gizani kwamba nataka kumwoa. Taa ziliporudi, hakuwa amekimbia.

"Jumapili ijayo mchana," alisema, akiwa bado anatazama ubao. "Nyumbani kwa kaka yangu. Kaka hataki maneno, anataka kuona pete mezani. Usipofika nayo siku hiyo atafunga mlango, na mimi namjua, hafungui tena."

"Nitafika."

"Na Fundi, iwe siri yako na yangu mpaka hapo. Uchumba wangu wa kwanza uliliwa na midomo ya watu. Sitaki kuwa habari ya mtaa mara ya pili."

Nikaapa kimoyomoyo. Kisha nikafanya jambo ambalo mtu anayeomba hufanya akizidiwa. Nilikwenda kwenye kikundi cha maombi.

Kiongozi wa kikundi ni Shangazi yangu. Ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki. Ninaishi kwenye chumba cha uani katika nyumba yake ya wapangaji, nyumba ambayo mabomba yake ni mazee kuliko mimi, na kila moja linapovuja naitwa mimi. Ndiye pia niliyemwomba awe msemaji wangu mbele ya kaka mtu.

"Nina ombi la siri," nilisema Alhamisi, tulipokuwa tumekaa kwenye mabenchi.

"Siri kwa nani, mwanangu? Kwa Mungu?"

"Hapana, kwa watu."

"Basi ninong'oneze."

Nikamnong'oneza. Shangazi akatikisa kichwa kwa huruma, akachukua kipaza sauti, akafumba macho.

"Baba, tunakuletea jambo la siri! Unamjua mtoto wetu huyu fundi bomba! Unamjua na yule dobi wa hospitali, anayekaa naye dawati moja! Unamjua kaka yake, Bwana, moyo wake ulivyo mgumu! Mpe kijana wetu pete kabla ya Jumapili! Na hili, Bwana, lisitoke nje ya kuta hizi!"

Kuta hizo ni za mabati na spika iko nje, ili hata wagonjwa majumbani wabarikiwe.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata yangu mimi ilikuwa na kipaza sauti.

Nilipokuwa natoka, muuza mkaa wa kona aliniambia hongera. Ijumaa asubuhi mteja mmoja alinipa bomba la jikoni nitengeneze, akaniuliza kama Dobi ataacha kazi. Jioni yake kikundi kiliunda Kamati ya Pete. Sikualikwa kwenye kikao, nilitumiwa uamuzi.

Kwa hiyo Jumamosi niliamka mapema, nikajipenyeza peke yangu mpaka kwenye lile duka kubwa la vioo, ambako mlango hufunguka wenyewe ukikuona na baridi ya ndani hukufanya ukumbuke dhambi zako.

Dada muuzaji alivaa glavu nyeupe. Niliona glavu nikadhani pete zina sumu.

"Karibu sana. Unatafuta pete ya mapenzi ya aina gani?"

"Ya uchumba."

"Naelewa, lakini mapenzi yenu ni ya kawaida, ya dhati, au ya milele?"

Nilifikiri kidogo. "Tofauti ni nini, dada?"

"Ya kawaida yako kabati lile la chini. Ya dhati yako hapa katikati. Ya milele tunayatoa kwenye sefu."

Nikamwomba Mungu anisamehe, nikasogea kwenye mapenzi ya kawaida. Hata hayo yalikuwa na sifuri nyingi mpaka nikadhani ni namba ya simu ya duka.

"Kidole chake ni saizi gani?" akauliza.

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Nilitoa mfukoni kipete cha shaba, kile tunachokiweka ndani ya nati ili maungio ya bomba yasivuje. Jumatatu darasani nilimwambia Dobi nataka kumwonyesha jinsi bomba linavyobanwa. Nikamjaribisha vipete kimoja baada ya kingine mpaka kimoja kikakaa sawasawa. Alicheka akasema, "Fundi, unaniunganisha na tangi?" Kilichomkaa nikakifunga kwenye leso.

Dada wa glavu alikishika kwa ncha ya vidole viwili, kama aliyeokota jino la mtu.

"Samahani, hiki ni kitu gani?"

"Ni saizi yake."

"Kaka, sisi hapa hatuhudumii mambo ya bomba."

Nikashukuru, nikatoka. Nje, chini ya mwavuli mmoja, Kamati ya Pete ilikuwa inanisubiri.

Walikuwa watatu. Shangazi alikuwa na mkoba wake mweusi mkubwa. Katibu ni mama mwenye moyo mwema na simu isiyolala. Wa tatu ni mzee tunayemwita Mfungaji, kwa kuwa kila ukimkaribisha chakula anasema amefunga, kisha anauliza mtabakiza nini.

"Tulikuona unaingia," alisema Katibu, "tukakuombea utoke."

"Na umetoka," alisema Mfungaji. "Mungu ni mwaminifu."

"Hilo si duka la watu wetu, baba," Shangazi aliniambia akinishika mkono. "Twende kwa sonara."

Sonara yupo uchochoro wa nyuma, kati ya fundi viatu na duka la rangi. Chumba chake kina upana wa kitanda. Kuna kabati moja la kioo, meza iliyoungua hapa na pale kwa moto wa kazi, kigoda, na picha ya harusi yake mwenyewe ambayo ameigeuza upande wa ukutani.

"Unataka kuoa?" aliniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Umefikiri?"

"Nimeomba."

"Sikuulizi hilo." Akavuta trei yenye kitambaa chekundu cha mahameli, pete zimepangwa kila moja kwenye mfereji wake. "Haya, tazama. Ukibadilisha mawazo mlango hauna funguo mchana."

Nilipomwonyesha kipete cha shaba hakucheka. Alikipitisha kwenye kijiti chake cha kupimia, akatoa pete moja. Ilikuwa nyembamba, haina jiwe, ina mstari mmoja tu uliochorwa kuizunguka pande zote. Mtu anayefua mashuka kutwa nzima angeweza kuivaa bila kunasa uzi.

Niliishika, nikasikia utulivu. Wanaoomba wanaujua utulivu ule. Nikasema, "Ni hii."

"Haina jiwe," alisema Mfungaji.

"Kaka yake atadhani tumeokota," alisema Katibu. "Na je, kidole kikigoma? Kipimo cha bomba ni cha bomba. Lakini usijali, nimeshampigia simu mwenyewe kuhakikisha."

Damu ilinishuka mpaka kwenye viatu. "Umempigia nani?"

"Dobi. Nimemwuliza tu saizi ya kidole. Nikamwambia ni siri."

"Akasemaje?"

"Akauliza, 'Mko duka gani?' Mpole sana yule dada."

Nikataka kulipa na kukimbia. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni Shangazi alipoufunika kwa mkono wake.

"Bado, baba. Hatujaiombea."

"Tutaiombea nyumbani, Shangazi."

"Pete ikitoka dukani bila maombi, anayeivaa anavaa na mikosi ya wengine. Haraka haraka haina baraka."

Sonara alikuna kichwa. "Mama, nunueni kwanza. Hata dawa watu hununua kwanza ndipo waiombee."

"Mzee, wewe una ndoa yenye amani?"

Sonara aliitazama picha iliyogeuzwa. Akairudisha pete yangu kwenye mfereji wake, akaiweka trei katikati ya meza, akavua miwani. "Ombeni," alisema. "Ila fupi."

Tukasimama kuizunguka meza. Shangazi alinyoosha mkono juu ya trei. Tukafumba macho, sonara naye akafumba, kwa heshima.

Haikuwa fupi. Shangazi alianza na uumbaji, akapita kwa mababu, akagusa hali ya bei sokoni. Alipofika kwangu sauti yake ililegea. "Tena kwa wakati wako, Bwana. Usiharakishwe na wanadamu. Kwa wakati wako!"

Sasa nitasema neno ambalo sijamwambia mtu. Mimi naomba kwa moyo wangu wote, na sioni aibu kuandika hivyo gazetini. Lakini jicho langu la kushoto lilifunguka. Nilitaka tu kuiona ile pete tena, kama mtoto anavyochungulia kiatu kipya.

Niliona mkono wa Shangazi ukishuka kutoka kwenye baraka. Vidole viwili vikaichomoa pete yangu kwenye mahameli. Mkono wa pili ulikuwa umeshafungua mkoba. Pete ikaingia, mkono ukapanda tena juu, na sauti haikutetereka hata kidogo.

"Na uilinde, Bwana, na mikono ya wezi! Amina!"

"Amina," tukasema.

Sonara akavaa miwani. Akaitazama trei, akatutazama sisi, akairudia trei. Mfereji mmoja ulikuwa mtupu.

Hakupiga kelele. Alizunguka meza, akasukuma komeo la mlango, akaegemea hapo.

"Nilisema mlango hauna funguo," alisema. "Komeo unalo. Ile isiyo na jiwe imekwenda wapi?"

Katibu akamtazama Mfungaji, Mfungaji akaitazama trei.

"Nauliza vizuri. Nani hakufumba macho?"

Wasomaji wangu, hilo ni swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa, ukichanganya na mtihani wa aljebra. Anayejibu anasaidia haki, lakini anakiri kwamba alikuwa anachungulia wakati wa maombi, mbele ya Kamati.

"Ndugu," alisema Katibu, akiwa amejikaza, "unatuuliza kama sisi si watu wa kuomba?"

"Mimi nilikuwa rohoni kabisa," alisema Mfungaji. "Hata njaa sikuisikia."

"Nyote mlikuwa rohoni," alisema sonara. "Pete ilikuwa mezani."

"Huenda ni ishara," alisema Katibu. "Huenda malaika ameiondoa, haikuwa pete ya mapenzi ya Mungu."

"Malaika ana mchumba?"

Shangazi aliukumbatia mkoba kifuani. "Mzee, usitudhalilishe. Tangu lini watu wanakaguliwa wakitoka kuomba? Angalia chini ya meza."

Sonara akaangalia chini ya meza. Mfungaji naye akapiga magoti kumsaidia, akainuka na kipande cha biskuti.

"Basi," sonara alisema akitoa simu. "Nawaita polisi. Leo Jumamosi, mkubwa wao hayupo. Mtamsubiri ndani mpaka Jumatatu."

Jumatatu! Jumapili yangu ilikuwa katikati, na kaka wa Dobi, na mlango wake.

Mwalimu wetu wa jioni hutufundisha kwamba kabla ya kusema neno mtu apime faida na hasara. Nikapima. Nikisema nilichokiona, namwaibisha mama aliyenilea, tena mbele ya Katibu, jambo ambalo ni sawa na kulitangaza redioni. Kesho sina msemaji. Nikinyamaza, sina kesho.

Ndipo likanijia wazo, na nikalidhania jibu la maombi. Shangazi ameniombea mke tangu sauti yangu ilipovunjika. Hakuna anachokitaka duniani kuliko harusi yangu. Huenda aliichukua pete kwa kuogopa tutaibiwa, au kwa kunipunguzia gharama, maana huwa na huruma za namna hiyo. Nikiifungamanisha harusi yenyewe na ile pete, atairudisha kimyakimya, ataidondosha kwenye mahameli, atasema "hii hapa, ilikuwa imejificha," na sote tutamshukuru Mungu.

Mlango ukagongwa.

Sonara alichungulia, akafungua komeo. Aliyeingia alikuwa na buti za mpira, aproni yenye maji, na uso ambao nimeshauona darasani siku mwalimu aliposahihisha jibu lake kimakosa.

Dobi hakusalimia. Alimtazama Katibu, akamtazama Mfungaji, akamtazama Shangazi. Mwisho akafika kwangu.

"Nilikuomba tuwe wawili," alisema. "Hapa naona mkutano."

"Dobi, naomba nieleze..."

"Mzee," alimgeukia sonara, "hapa kuna nini?"

Sonara akamweleza. Alieleza vizuri, bila chumvi: pete, maombi, macho, mfereji mtupu, polisi. Dobi alisikiliza akiwa anakamua ncha ya aproni yake, maji yakidondoka sakafuni.

Niliona ninampoteza. Sikungoja kupima tena. Nikaweka mkono wa kushoto juu ya trei, nikainua wa kulia.

"Sikilizeni nyote," nilisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko chumba. "Naahidi mbele za Mungu na mbele yenu. Sitamvisha mwanamke yeyote pete yoyote, wala sitakanyaga mlangoni kwa kaka mtu, mpaka pete iliyopotea irudi kwenye trei hii!"

Nikamtazama Shangazi. Sasa, nikawaza. Sasa atafungua mkoba.

Shangazi aliushika mkoba wake na kuibana bizimu yake ya juu. Ikalia *tak*. Mabega yake, ambayo yalikuwa yamepanda tangu komeo lisukumwe, yakashuka taratibu.

"Amina," alisema, kwa sauti ya mtu aliyejibiwa. "Umesema kwa kinywa chako mwenyewe, mwanangu. Nadhiri ni nadhiri. Mungu hapendi mtu anayerudi nyuma." Kisha akaongeza kwa upole, akinipangusa vumbi begani: "Na ukirudi nyumbani, bomba la mpangaji wa mbele limeanza tena."

Nilisimama na mkono wangu bado juu. Miaka yote ile ya "kwa wakati wako, Bwana, usiharakishwe"! Nilikuwa nasema amina kwa nguvu, bila kujua tunaomba nini: nisioe, nibaki na mabomba yake.

"Mmesikia wote," alisema Katibu, na kidole gumba chake kilikuwa tayari kwenye simu.

"Weka simu chini, dada yangu," alisema Dobi.

Katibu akaiweka.

Dobi alisogea mpaka mezani. Aliutazama mfereji mtupu kwa muda, akapitisha kidole chake ndani yake.

"Watu watano, macho kumi," alisema. "Na hakuna hata moja lililofumbuka? Mimi nafua mashuka ya watu. Sijawahi kukutana na mtu anayejua doa limetoka wapi, na sijawahi kukutana na doa lililojileta lenyewe."

"Binti, sisi ni watu wa maombi," alisema Shangazi.

"Najua, mama. Nimesikia kwenye spika."

Mfungaji alikohoa. Sonara aliishusha simu yake mezani, akavuta kigoda akampa. Dobi akakaa. Hakukaa kumwelekea Shangazi wala sonara. Alikaa kunielekea mimi, magoti yake yakikaribia yangu, na hakupepesa.

"Na mimi nina ahadi," alisema, "muwe mashahidi, na wewe mzee uisikie vizuri kwa kuwa duka ni lako. Huyu ameahidi kutooa mpaka pete irudi. Mimi naahidi hivi: sitoki kwenye kigoda hiki, polisi waje wasije, Jumapili ifike isifike, mpaka aliyechungulia aseme kwa mdomo wake alichokiona."